Koti ya Askari wa Herode

Jumapili iliyopita watoto wa kanisa yetu hapa Eldoret walicheza mchezo wa Krismasi. Askari wa Herode walivaa karatasi za kung'aa, watu wakacheka. Mimi nilikumbuka koti ya baba.

Nilikuwa darasa la tatu, kule Kapseret. Mama Ruth, mwalimu wetu wa Sunday school, ndiye alipanga mchezo. Nilitaka kanzu nyekundu na kofia ya chuma.

"Wewe ni askari wa kuua watoto," akaniambia. "Vaa gambuti, vile viatu vya mpira, na ulete koti ya baba yako, ile ya kijani."

Nilidhani amekosa kitambaa. Koti ilinuka moshi na mafuta ya taa, na nilidhani ni harufu ya jikoni.

Siku ya mchezo, sisi askari hakutuweka mbele. Alituingiza na mlango wa nyuma, polepole, tukipita katikati ya watu, gambuti zikigonga simiti. Jirani yetu Mama Esther, ambaye alichomewa nyumba mtoto wake akiwa ndani, alinishika mkono. Akaangalia mahali kifungo kilikuwa kimetoka.

"Hii koti naijua," akasema, bila kupiga kelele.

Mama Ruth hakuwa anaangalia mchezo. Alikuwa anaangalia baba, aliyekuja siku hiyo kuniona nikicheza.

Baba aliinama mpaka kichwa ikagusa magoti. Mimi nilifurahi, kwa sababu hakuwa mtu wa kanisa. Nilidhani anaomba.

Mpaka leo namsihi Mungu iwe ni kweli alikuwa anaomba.