Mwimbaji Aliyelipwa Sparadra

Juma hili niliimba na gitaa langu hospitalini, kwenye chumba cha watoto mahututi. Msibishe: sauti hii inajulikana mpaka Dilolo. Msichana mmoja hakuwa ameinua mkono tangu azinduke, na mama yake aliogopa kwamba hatauinua tena. Kwetu, mwimbaji akikukuna roho, unambandika noti kwenye paji la uso. Basi katikati ya wimbo, mtoto akabandua kipande cha sparadra, ile plasta ya kufungia vidonda, kwenye chuma cha kitanda, akainua mkono, akanibandika usoni.

"Mukono! Muangalie mukono!" mama akapiga kelele. Muuguzi akacheza dansi, trei yake ya sindano mkononi.

Nilirudi nyumbani Manika na kipande kile usoni. Mwenye pikipiki aliyenibeba akaniuliza, "Tata, ulianguka wapi?"

"Sikuanguka. Balinilipa."