Niligeuka Mara Tatu kwa Sababu ya Tiketi ya Urais

Admin, nifichie jina, maana wachukuzi wenzangu wanausoma ukurasa huu. Majina yote nimebadilisha. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, kwetu ni bara, mbali. Shule niliachia darasa la sita. Mwaka wa kumi na saba huu nasukuma mkokoteni Mombasa, kati ya Marikiti, Mji wa Kale na Bandari ya Kale. Mke na watoto wako nyumbani, huwaona Disemba, na Disemba nyingine siwaoni.

Mkokoteni wetu ni wa watu wawili. Mimi nilishika mbele, na nyuma alikuwa Daudi. Yeye pia ni wa bara, ila kaunti nyingine na lugha nyingine. Kwenye mpando mtu wa nyuma husukuma. Kwenye mteremko huuvuta mkokoteni kwa kamba, akikita visigino, la sivyo mzigo unamponda wa mbele. Kwa hiyo ukiteremka na magunia ya mchele, uhai wako uko kwa mtu usiyemwona. Miaka kumi na moja Daudi alinishikia. Mgongo uliponilaza wiki tatu, ndiye aliyenikanda kwa mafuta ya nazi na kunisongea sima, akinitania kwamba mke wangu akija atakuta nimeshaolewa.

Saa nne asubuhi tulikuwa tukipumzika kwa mzee mmoja muuza kahawa. Mwaka huu hapo barazani hakuna jingine ila nani atapewa tiketi ya urais na chama. Mimi na Daudi ni wa chama kimoja. Mimi nilimtaka gavana wa zamani wa kwetu, yeye seneta wa kwao. Wenyewe hata hawakuwa wamesema wanaitaka. Lakini mimi nilikuwa nikiwahesabu wajumbe kwa vidole, kaunti kwa kaunti, na wenye maduka wakinyamaza kunisikiliza. Niseme ukweli, kwingine kote mjini huitwa "we mkokoteni". Pale nilikuwa mtu.

Mzee wa kahawa alitucheka. "Chama chenyewe hakijataja mtu, nyinyi mushamuapisha. Haya, Baba Neema, mawaziri washapatikana?"

Siku hiyo Daudi alinishinda. Alisema polepole, "Baba Neema, gavana wako alishindwa kukitetea kiti chake mwenyewe. Wajumbe watampaje nchi?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akanipiga begani, "Leo umepatikana, mchambuzi." Uso ukaniwaka. Nikamwambia Daudi, "Nyinyi watu wa kwenu mliumbiwa kusukuma. Ikulu si mkokoteni."

Hapo hakucheka mtu. Mzee wa kahawa akasema, "Umekosa, mwanangu. Mtake radhi mwenzio." Mimi nikatazama chini. Daudi akamaliza kikombe chake, akakirudisha, akasema, "Mzigo unatungoja."

Tulikuwa na magunia ya mchele ya kushusha Bandari ya Kale. Mteremko ulipoanza, hofu ikanishika. Nikawaza, huyu akiiachia kamba nimekwisha. Nikageuka kumtazama. Nikageuka tena. Mara ya tatu macho yetu yakakutana. Alikuwa amejilaza nyuma mwili mzima, mishipa ya shingo imemtoka, ameshika kama siku zote. Tukafika salama, tukashusha. Akakunja kamba yake, akaitia kwapani, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Baada ya wiki tatu nilisikia anapakia malori Kibarani, nikamfuata. Nikamtaka radhi kwa lile neno. Alinipa maji ya kunywa, akaniita "bwana", yeye aliyezoea kuniita Baba Neema.

"Lile neno nilishalimeza, bwana. Hata mimi nilikuaibisha mbele za watu. Lakini uligeuka mara tatu. Miaka kumi na moja hukuwahi kugeuka hata mara moja. Ulidhani nitakuua kwa ajili ya seneta?"

Na kweli ndivyo nilivyodhani. Akarudi kwenye lori lake.

Juzi gavana wangu amewaambia waandishi wa habari kwamba hana haja na tiketi. Seneta wa Daudi amehamia chama kingine. Barazani wameshapata majina mapya, wakaniuliza naonaje. Nikasema sijui.

Nimejaribu watu wawili wa kushika nyuma. Wa kwanza aliacha siku ya nne, akasema simalizi hatua tatu bila kumtazama. Wa pili hakufika hata hapo. Mwenye mizigo, Mhindi mmoja mpole, ameniambia, "Mimi sikufukuzi, bwana, lakini kwa mwendo huu wiki ijayo naita tuktuk." Maumivu ya mgongo yamerudi. Mke wangu hajui lolote. Kila akipiga simu humtumia Daudi salamu, nami namwambia zimefika.

Neno lililotoka mdomoni najua linavyoombewa radhi. Kugeuza shingo sijui kunaombewaje. Nyinyi mliosoma kuliko mimi, niambieni nianzie wapi kwa mtu huyu. Na mkiona hakuna la kufanya, semeni tu, nifunge virago nirudi kwetu.