Chumvi Aliyoihodhi Ameir

Siku hizi wasomi wanaita ukiritimba. Kiegeani, enzi za Mdachi, watu hawakuwa na haja ya neno refu hivyo. Walisema tu Ameir mwenye duka kaihodhi chumvi: kainunua yote iliyoshushwa pwani, kaifungia ghalani, na anayeitaka hana mlango mwingine wa kubisha.

Aliyeumia zaidi ni Somoe, mjane aliyewalea wanawe kwa ng'onda. Alinunua samaki wabichi, akawapasua, akawatia chumvi na kuwaanika. Asubuhi moja alipata matenga matatu ya nguru, na ndani hana chumvi hata ya mboga. Akaenda dukani.

"Shikamoo, Bwana Ameir. Naomba chumvi pishi mbili."

"Marahaba. Bei imepanda tena."

"Tangu jana?"

"Tangu nilipoamka." Ameir akacheka. "Kama huwezi, niuzie mimi hao samaki. Ikifika jioni hutakuwa na kitu."

Lo, mtu huyo! Chumvi yake, bei yake, na samaki pia awataka! Somoe aliondoka kajaa hasira. Njiani akakumbuka marehemu mama yake alivyokuwa akipika chumvi. Akaenda jangwani, kwenye uwanda mtupu wa chumvi nyuma ya mikoko, akakwangua udongo wa juu wenye chumvi, akautia kwenye pakacha na kuumiminia maji ya bahari. Yaliyochuruzika akayachemsha mpaka yakakauka chunguni. Chumvi ilitoka nyeusinyeusi, lakini chumvi. Tenga moja la nguru liliharibika, mawili yakapona.

Kesho yake jirani yake Mwanahalima akaja na ungo wa changu kichwani.

"Shoga, nisaidie chumvi, samaki wangu wanaharibika."

Somoe akakitazama chungu chake. Raha ya kuombwa hakuwahi kuionja, na ilikuwa tamu kwelikweli.

"Ipo. Bei ni ile ile ya Ameir."

"Basi nionyeshe unakoitoa, nikapike mwenyewe."

"Aa, hiyo siri ya mama yangu."

Mwanahalima hakugomba. Aligeuka aende zake.

"Makubwa! Nami nilidhani Kiegeani tuna Ameir mmoja."

Aibu ilimshika Somoe mpaka masikio yakamwaka. Alimwacha mwenzake afike kwenye kona ya ua, kisha akamkimbilia, akamtua ungo.

"Hawa tuwatie chumvi yangu kwanza, wasiharibike," alisema. "Halafu kachukue pakacha lako, shoga, na uwaite wenzetu. Jangwani udongo ni mwingi."