Herufi Iliyokataliwa na Kompyuta

Karani wa maktaba ya Siksika, jamii ya wenyeji wa asili wa Kanada, huchapa kwa vidole viwili, akinong'ona kila herufi ya kale ya Kiblackfoot kabla ya kuibonyeza. Herufi moja kompyuta iliikataa, ikaweka kisanduku kitupu mahali pake, naye akawa akiichora kwa kalamu kwenye kila karatasi, ulimi ukichungulia mdomoni. Jana Bibi Adeline alileta jina la marehemu mama yake, lenye herufi hiyo, liandikwe kwenye jiwe la kaburi.

"Usinipe kisanduku, mjukuu wangu. Mama hakuwa mzigo."

"Nimeweka fonti mpya, bibi. Tazama."

Akabonyeza. Herufi ikatokea nzima. Adeline akalisoma jina kwa sauti, mara mbili, kisha akavuta kiti.

"Sasa andika na langu, nilione ningali hai."