Paka Niliyemsifia Darsani

Tangu Alhamisi napita uchochoroni nikienda sokoni, maana sina uso wa kuwatazama wanawake wenzangu wa Isevya.

Siku hiyo wanaume walikuwa kwenye shamba la ujamaa, nasi tukakusanyika kwa Bi Zuhura, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, kwa ajili ya darsa. Mwalimu wetu alikuwa mgonjwa, nikajitosa mimi kuzungumzia sala za kila siku. Mfano wangu ulikuwa paka wangu, Sultani.

"Kila alfajiri hulia mlangoni pangu mpaka nimpe dagaa," nikasema. "Hachoki, wala hajawahi kuomba kwa mtu mwingine! Nasi tumwombe Mola mmoja, kila siku, bila kutangatanga."

Wakaitikia kwa sauti. Kichwa kikanivimba, nikaanza hata kuwasema wanaokimbilia kwa waganga.

Mara Sultani mwenyewe akaingia. Nikamnyooshea mikono nikidhani amenifuata. Akanipita kama hanijui, akaenda miguuni kwa Bi Zuhura na kulia kilio kile kile.

"We Mashaka," Bi Zuhura akamwambia, "asubuhi hukushiba dagaa wangu?"

"Mashaka?" akadakia jirani yangu Mwajuma. "Si Chausiku huyu? Mimi humpa maziwa kila nikimaliza kusali!"

Chumba kizima kikanigeukia. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akajifunika mdomo kwa khanga, kisha akaniambia kwa upole:

"Endelea, mwanangu. Hapo sasa tujifunze nini?"