Gambuti Namba Kumi na Saba Kwenye Theluji

Nilivua kiatu kantini, saa ya chai, mbele ya watu wote. Halafu soksi. Halafu kitambaa. Nikaupandisha mguu wa kushoto juu ya meza, katikati ya vikombe na maandazi. Vidole viwili, mahali pa vitano.

"Haya, angalia," nikamwambia Bwana Masatu. "Angalia nilichochagua mwenyewe."

"Mama Vero, shusha mguu. Watu wanakula."

"Hata mimi nilikuwaga nakula hapa, nikiwa na vidole kumi."

Bwana Masatu ndiye msimamizi wetu katika kiwanda cha samaki, hapa Musoma. Asubuhi ile alikuwa ameniletea fomu ya ajali niweke sahihi. Imeandikwa: "Majeruhi alivaa viatu alivyochagua mwenyewe." Sikusaini. Saa ya chai akanisimamisha niwape moyo wanawake watakaopanda mlima safari inayofuata, niwaeleze kampuni ilivyonihudumia. Miezi yote nilikuwa nimevumilia. Pale uvumilivu ukaisha.

Kwa hiyo nasimulia mwenyewe, yote, kama yalivyokuwa.

Jina langu ni Nyangeta. Kwetu ni Mwitongo, Butiama, ila nakaa Kitaji, hapa mjini, na binti yangu Vero, wa miaka miwili. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Kabla ya haya nilikuwa mzima kama ng'ombe dume. Kazi yangu ilikuwa chumba cha barafu, kupanga minofu ya sangara kwenye maboksi. Mle ndani tunavaaga makoti mazito na gambuti nyeupe, zile buti ndefu za mpira, kila mtu na namba yake. Zangu ni kumi na saba.

Kampuni ikataka bendera yake ipigwe picha juu ya Kilimanjaro. Bwana Masatu akachagua watu sita, wote wa chumba cha barafu.

"Ninyi baridi mmeshaizoea," akasema. "Wengine nikiwapeleka watanifia."

Tukacheka. Mimi nilijiona shujaa kabisa! Nikampeleka Vero kwa mama, Mwitongo, tukaondoka.

Kule getini kwa mlima, mwongoza wageni akatazama miguu yetu. Alikuwa mzee mfupi wa Kichaga, mpole.

"Hizi ni za kuoshea gari. Hapa pana mahali wanakodisha viatu vya mlima. Wavalisheni."

"Mzee, hawa wanashinda kwenye barafu mwaka mzima na hizo hizo gambuti," Bwana Masatu akajibu. Yeye mwenyewe alikuwa na viatu vipya vya mlima. Viliwaka!

Hapo ndipo kosa lilipo, na sisi tulikuwa ndani yake. Hakuna aliyebisha. Tulijua baridi ya kiwandani. Ile baridi ni kavu, haina upepo, na kila baada ya muda unatoka nje kuota jua. Hatukujua kwamba kuna baridi nyingine.

Siku za mwanzo zilikuwa mvua na matope tu. Kambi ya mwisho theluji ikaanguka, laini kama unga wa muhogo. Asubuhi tukaikuta imeganda, inalia chini ya mguu kama vigae. Yule mzee akatukusanya.

"Theluji ya asubuhi inakubeba. Ya saa tano inakuzamisha. Jua likishika tunageuka, tufike tusifike. Tumeelewana?"

Tukapanda. Ule mlima ni ukuta. Hatua moja, pumzi tatu. Kichwa kiliniuma, nikatapika chai. Lakini theluji ilitubeba kweli, tukafika ukingoni juu jua likiwa bado dogo.

Yule mzee akasema, "Picha moja, tushuke."

Simu ya Bwana Masatu ikazima kwa baridi. Akaiingiza kwapani, akaisugua, ikawaka, ikazima. Akakunja bendera, akaikunjua. Tumesimama tu. Jua likapanda.

"Bwana, theluji inageuka," mzee akasema.

"Subiri kidogo! Nimetoka Musoma mpaka huku nirudi bila picha?"

Picha ikapatikana. Na theluji ikawa imegeuka. Kushuka, kila hatua nilizama mpaka magotini, na ule uji wa barafu ukamwagika ndani ya gambuti kutokea juu. Maji yakacheza ndani. Halafu wingu likafunika jua, upepo ukaja, na yale maji yakaanza kuganda yakiwa na miguu yangu humo.

Vidole viliuma kama vinabanwa na koleo. Nikalia. Baadaye maumivu yakaisha. Nikasema, asante Mungu, nimepona. Kumbe ndipo vidole vilikuwa vinakufa.

Kambini gambuti ya kushoto iligoma kutoka. Bhoke, mwenzangu wa meza moja kiwandani, akaivuta mpaka akaanguka chali. Vidole vilikuwa vyeupe, vigumu. Ukivigonga vinatoa sauti kama mshumaa. Yule mzee alikuwa amerudi mlimani kumchukua mwenzetu aliyebaki nyuma.

"Mkandeni na maji ya moto," Bwana Masatu akaamuru.

Kwetu mzazi akijifungua anakandwa. Ukiteguka unakandwa. Nani angekataa? Bhoke akachemsha maji, akanikanda.

"Yanaunguza?"

"Hapana. Ongeza."

Akaongeza. Akaongeza tena. Sikusikia kitu. Mzee aliporudi naye, akaona mguu, akashika kichwa. Ngozi ilikuwa imebaki kwenye kitambaa. Bhoke alilia kuliko mimi.

Wapagazi walinibeba mpaka chini. Getini mzee akasema nipelekwe hospitali Moshi saa ile ile. Bwana Masatu akasema gari haliwezi kuchelewa, Musoma kuna hospitali. Njia nzima mguu ulijaa malengelenge makubwa kama mayai. Tulipofika Bunda, kwao Bwana Masatu, akatuegesha juani, akaenda kuwaonyesha ndugu zake picha. Nikapiga honi.

"Mama Vero, acha fujo! Musoma si hapo tu!"

Hospitali, daktari kijana akautazama mguu, akanitazama usoni.

"Dada, baridi ya namna hii nimeisoma kitabuni tu. Umeitoa wapi?"

Nikampenda kwa ukweli wake. Akampigia simu mwenzake wa Moshi, akawa anaandika anachoambiwa. Vidole vikawa vyeusi, vikakauka, halafu usaha ukaanza, na harufu. Mimi wa kiwanda cha samaki najua harufu ya kilichooza. Siku ile daktari alikaa kitandani kwangu.

"Vitatu vimekufa. Tukiviacha vitachukua mguu."

"Kata," nikasema. Vikakatwa.

Nikaenda kuuguzwa na mama, Mwitongo. Majirani walikuja kucheka: "Barafu ya kuunguza? Tangu lini?" Vero alikikanyaga kidonda mara mbili, nikaona nyota. Mama ndiye alinifundisha kutembea, nimeshika mgongo wa kiti. Nilipomweleza habari ya kukandwa akaweka kikombe chini.

"Nani alipima maji?"

"Mimi. Nilikuwa naulizwa kama yanaunguza."

"Mwanangu! Mgonjwa haulizwi. Anayekanda anapima kwa kiwiko chake. Hilo hata mtoto wa hapa anajua."

Leo natembea. Nachechemea, lakini natembea. Namshukuru Mungu, mama, yule daktari asiyeona haya kuuliza, wapagazi walionibeba. Bhoke simlaumu hata kidogo. Na wewe unayesoma: kwenye baridi kali maumivu yakiisha ghafla, usishukuru. Ogopa. Usikande kwa maji ya moto. Na mkubwa wako akikwambia umeshazoea, angalia yeye kavaa nini.

Siku ile ile ya kantini nilichukua bodaboda mpaka ofisi ya kazi. Niliandika hivi, wakagonga muhuri:

"Kwa Afisa Kazi, Musoma.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWAJIRI WANGU

Mimi Nyangeta, mfanyakazi wa chumba cha barafu, nalalamika kwamba nilipandishwa mlima wenye theluji kwa kazi ya mwajiri, nikiwa na gambuti za kiwanda, baada ya mwongoza wageni kuzikataa. Fomu ya ajali inasema nilichagua viatu mwenyewe. Huo ni uongo.

Naomba fomu hiyo ifutwe, iandikwe kweli. Naomba pia wenzangu wasipandishwe na gambuti hizo safari inayofuata.

Viambatisho: Kwanza, picha ya kampuni, ile waliyoibandika kantini. Namba 17 inasomeka miguuni mwangu. Pili, gambuti zenyewe. Tatu, mguu wangu wa kushoto. Huo siwezi kuuacha ofisini, lakini nitauleta siku yoyote mtakayoniita."