Baba Hodi, Fundi wa Milango

Alizaliwa tarehe tatu mwezi wa nne mwaka 1938, mtoto wa sita wa mshona viatu, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo mlango wake ulikuwa gunia. Nalitaja gunia mapema kwa sababu yeye mwenyewe hakuchoka kulitaja. Alisema aliyelelewa nyuma ya gunia ndiye anayejua maana ya mlango. Alipotimiza miaka kumi na minne alianza kujifunza useremala kwa mjomba wake, na kufikia ishirini alikuwa ameacha kazi nyingine zote na kubaki na milango. Meza alikataa, vitanda alikataa. "Kitanda kinalaza watu wawili," alisema, "mlango unapitisha ukoo mzima." Jina lake la ubatizo limo katika kitabu cha parokia, anayelitaka akalitafute. Sisi tulimwita Baba Hodi. Kila alipomaliza kufunga mlango mpya alitoka nje, akaurudishia, akapiga hodi, na hakuondoka mpaka mwenye nyumba aitikie "karibu" kutoka ndani. Kwake yeye, kabla ya hapo kazi ilikuwa haijaisha.

Wapo wanaodhani mtakatifu ni mtu wa kununa. Shauri yao. Huyu alicheka mpaka majirani wa mtaa wa pili wakajua kwamba amerudi nyumbani. Kwenda kununua mkate kulimchukua saa mbili nzima, maana hakupita kibaraza bila kusimama, na salamu zake hazikuishia kwenye hujambo na sijambo: aliuliza goti la bibi, kikohozi cha mtoto, mtihani wa binti. Mkewe alikuwa akiwaambia watoto wao watano, "Kunyweni chai kavu. Baba yenu ameenda kuleta mkate, tutaula kesho." Hata hivyo alfajiri ilimkuta karakanani, na kabla ya jua kuzama randa ilikuwa chini naye yuko nyumbani, anawasuka binti zake nywele kwa vidole vilivyojaa vumbi la mbao. Alisuka vibaya, wao wakaenda shule hivyo hivyo, wakijivuna.

Kanuni yake ya kazi ilikuwa moja. Mbao hazikuguswa mpaka zipitiwe na misimu miwili ya mvua zikiwa ndani ya nyumba. Kwa kuwa karakana ilivuja, alizisimamisha chumbani kwake, ukutani, kila ubao umeandikwa kwa chaki siku ulipoingia. "Jamani, nimeolewa na mtu au na msitu?" mkewe aliuliza. Lakini alizipangusa vumbi mwenyewe, na tarehe za chaki alizijua kama siku za kuzaliwa za wanawe.

Mwaka 1971 kanisa letu lilikamilika, na askofu akatangaza siku ya kuja kulibariki. Baba Hodi akapewa kazi ya mlango mkuu. Hapo alijaribiwa, naye akaanguka. Mbao alizonunua kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwuza mbao, zilikuwa zimekaa msimu mmoja tu. Angesubiri, askofu angepita penye turubai. Alitaka askofu apite penye mlango wake. Akazitoa chumbani, akazipiga randa, akafunga mlango mzuri kuliko yote aliyowahi kuitengeneza, na askofu akausifu mbele ya watu wote. Miezi mitano baadaye tulikuwa na arusi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Upepo ukausukuma mlango wakati wa mahubiri, ukajifunga, na misa ilipokwisha haukufunguka. Wanaume saba waliuvuta, wapi! Bibi arusi alitolewa kwa dirisha la sakristia, gauni likachanika. Mimi ninayeandika nilitolewa kwa dirisha hilo hilo, na kwa sababu ya tumbo langu nilikwama.

Tulicheka siku hiyo. Jumapili iliyofuata kicheko kiligeuka, watu wakatafuta wa kulaumiwa, na mmoja akasema mwuza mbao ametuuzia mbao mbovu. Neno likashika kama moto kwenye maranda. Baba Hodi alilisikia akanyamaza. Alinyamaza Jumapili sita. Siwezi kulificha hilo, naye asingetaka lifichwe. Wateja wakamkimbia shemeji yake, na yule bwana akaacha kuja kanisani. Ndipo mkewe alipomwambia mezani, mbele ya watoto, "Mbao zililala chumbani kwangu. Chaki niliisoma. Utamwacha kaka yangu aoze kwa ajili ya jina lako mpaka lini?"

Jumapili ya saba, wakati wa matangazo, alisimama bila kuitwa. "Mbao hazikuwa na kosa," alisema. "Zilikuwa mbichi, na mimi nilijua. Shemeji yangu aliniuzia kwa haki. Mwongo ni mimi." Akaketi. Jasho lilikuwa limemlowesha shati lote. Jioni hiyo alikwenda kwa shemeji yake akapiga hodi. Kimya. Akapiga mara ya pili, na ya tatu, akaondoka, kwa sababu hodi ya nne ni utovu wa adabu. Kesho yake akarudi. Alirudi kila jioni kwa miezi kumi na mmoja, huku mbao za mlango mpya wa kanisa zikikauka chumbani kwake. Watu walimcheka. Alisalimiana nao akaendelea na safari.

Miezi hiyo ilipotimia, mwuza mbao alifungua, akasimama kizingitini. "Mlango wangu unakwaruza," alisema. "Uutazame." Baba Hodi alilia pale pale, kisha akatoa randa. Tangu siku hiyo walikula pamoja, wakataniana, wakasaidiana kuozesha watoto wao. Jambo moja tu: kila Baba Hodi alipopiga hodi, shemeji yake alijibu "ingia tu" au "pita." Neno karibu hakulisema. Baba Hodi alimwambia mara nyingi, akicheka, "Shemeji, neno langu bado unalo." Hakumdai kwa hasira. Alingoja miaka thelathini na minne.

Alifariki tarehe kumi na tisa mwezi wa tano mwaka 2007, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Siku ya maziko mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na tuliogopa mlango wa kanisa, ingawa ulikuwa ule wa pili aliouweka baada ya toba yake. Ulifunguka kwa kidole kimoja. Wengi wanauita muujiza. Mjane wake anasema ni mbao zilizokaa misimu miwili ya mvua chumbani kwake. Mimi sioni kwamba majibu hayo yanagombana.

Lakini wabebaji walisimama nje na jeneza, wasithubutu kuvuka, kwa kuwa marehemu hakuwahi kuingia mahali bila kubisha. Mjane akapaza sauti kwa niaba yake: "Hodi!" Kutoka benchi la mbele mzee mwuza mbao akainuka kwa fimbo yake, akageukia mlango, machozi yakimtiririka.

"Karibu," alisema. "Karibu, shemeji yangu. Karibu ndani."

Mlango ule upo. Anayetaka kumuiga Baba Hodi asianze na randa. Kuna nyumba anayoijua mwenyewe, ambayo huipita akitazama upande wa pili. Aende leo akapige hodi. Asipoitikiwa, arudi kesho.